Cheni Ipi Ipasue Mninga wa Kilwa?

Mti wa mninga ukishaangushwa katika msitu wa kijiji wilayani Kilwa, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kuuangusha ni shughuli ya dakika chache. Kuupasua ukatoa mbao za mbili kwa sita na moja kwa kumi, zilizonyooka na zenye unene mmoja kutoka ncha hadi ncha, ndiko kunakoamua mti huo umewafaa watu kiasi gani. Wakati huo mjadala wa sera, vibali na ushuru umeshapita. Kilichobaki ni jino la chuma lenye upana wa milimita chache, likizunguka kwa kasi kwenye bapa la msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi wanauita chensoo.

Jino hilo limejadiliwa kidogo mno. Tunabishana nani avune, avune wapi na alipe kiasi gani. Ni nadra kuuliza anapasua kwa cheni ya aina gani, imenolewa kwa pembe ipi, na msumeno wake unaongozwa na nini. Naamini maswali haya ni ya uhifadhi sawasawa na yale ya vibali, kwa sababu ndiyo yanayoamua ni miti mingapi itakatwa ili soko lilelile lipate mbao zilezile.

Misitu yenye wenyewe

Pwani ya Lindi inaijua gharama ya kuvuna bila hesabu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, malori yaliyokuwa yakisubiri kivuko yalipata njia ya moja kwa moja kati ya misitu ya kusini na Dar es Salaam. Magogo yakamiminika. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 iliyochunguza biashara hiyo ilikadiria kwamba serikali kuu na halmashauri zilikuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo yangepaswa kukusanywa. Vijiji vilivyozungukwa na miti hiyo viliambulia visiki.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa tayari imefungua mlango mwingine: kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kikauandalia mpango wa usimamizi, kikauza miti kwa kiwango kilichopangwa na kubaki na mapato. Kilwa ndiko mlango huo ulikotumiwa mapema na kwa bidii. Shirika la MCDI lenye makao yake Kilwa Masoko, lililoanza kama mradi wa kuuhifadhi mpingo, lilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi endelevu kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji, Kikole na Kisangi vikiwa vya kwanza. Hilo lilikuwa jambo jipya Afrika nzima. Baadaye vijiji vingine viliingia, kikiwemo Nanjirinji A, na fedha za miti zikaanza kuonekana katika majengo ya shule na huduma nyingine za kijiji.

Mti wa asili wa misitu hii ukikatwa leo, mrithi wake atawakuta wajukuu zetu. Mpingo hutajwa kuwa unahitaji kati ya miaka 70 na 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na mninga nao hauna haraka. Ndiyo maana kila mti unaopigwa nyundo ya alama na kuingizwa katika hesabu ya mavuno ya mwaka ni mtaji wa kijiji ambao hautajazwa tena upesi. Mtu anayeupasua ovyo anaula mtaji huo hata kama karatasi zake zote ni halali.

Hesabu ya vumbi

Tuchukue gogo la mninga lililokwisha kuondolewa mabanzi pande zote, likabaki nguzo ya mraba yenye kimo cha milimita 350. Tunataka mbao za unene wa inchi moja, yaani milimita 25. Swali ni ngapi zitatoka.

Fundi anayepasua kwa mkono mtupu, akifuata mstari kwa jicho, hawezi kuulenga unene wa milimita 25 kamili, kwa kuwa msumeno utayumba na sehemu nyingine zitatoka nyembamba. Hujiwekea akiba ya milimita tano, akakata 30 ili seremala apige randa hadi 25. Cheni yake kubwa, ile ya kipimo cha inchi .404, hula karibu milimita 10 kila inapopita. Katika kimo cha 350 atapata mbao 9.

Mpe fundi huyohuyo fremu ya chuma inayofungwa kwenye bapa na kuteleza juu ya ubao ulionyooka, ili unene usiyumbe. Sasa anakata 25 kamili kwa cheni ileile ya milimita 10. Atapata mbao 10.

Mbadilishie cheni, umpe nyembamba ya 3/8 ya umbo dogo, inayokula karibu milimita 7. Atapata mbao 11.

Gogo hilohilo likipelekwa kwenye mashine ya msumeno wa utepe, ambao hula kama milimita 2, litatoa mbao 13.

Hesabu hii inahusu nguzo moja tu iliyonyooka; gogo halisi lina kasoro, mioyo iliyooza na mabanzi ambayo hayaingii humu. Lakini mwelekeo haubadiliki. Magogo 9 yaliyopasuliwa kwa fremu na cheni nyembamba hutoa mbao 99, na magogo 11 yaliyopasuliwa kwa mkono mtupu hutoa mbao 99 vilevile. Katika kila miti 11, miwili imeanguka ili igeuke vumbi na maranda. Hakuna doria ya msituni inayoweza kuwakamata wezi wa miti miwili hiyo, kwa kuwa imeibwa ndani ya kazi halali.

Ni haki pia kusema kwamba msumeno wa zamani wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mwingine chini, ulikuwa na mkato mwembamba kuliko cheni nyingi. Wapasuaji wa enzi hizo walitumia siku nyingi kwa mti mmoja, lakini walipoteza mbao chache kwa kila mkato. Chensoo ilileta kasi, na kasi hiyo tumeilipia kwa mti wenyewe.

Kwa nini kupasua ni kazi tofauti

Cheni inayotoka dukani ikiwa mpya, iwe Lindi, Mtwara au Kariakoo, karibu kila mara imetengenezwa kwa ajili ya kukata mti kwa upana wake: kuangusha, kukata matawi, kugawa magogo. Katika kazi hiyo jino hukutana na nyuzi za mti ubavuni, na huzikata kama kisu. Ndiyo sababu uso wake wa juu umenolewa kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 35. Mshazari huo hulifanya jino lichane upande.

Kupasua mbao kwa bapa lililolazwa kukatisha gogo ni jambo jingine. Hapa jino hukutana na ncha za nyuzi, moja baada ya nyingine, kwa urefu wote wa gogo. Lile jino la nyuzi 30 huvutwa upande kila linapouma, la kulia likivutwa kulia na la kushoto kushoto. Cheni hutetemeka, ubao hutoka na mikwaruzo mirefu, injini hulemewa. Jino lililonolewa kwa nyuzi 10 hukaa karibu wima mbele ya kazi yake, likasukuma kama patasi na kuacha uso laini. Hiyo ndiyo cheni ya kupasulia, na watengenezaji wakubwa wanaiuza ikiwa tayari imenolewa hivyo.

Wengi huamini cheni ya kupasulia ina kasi zaidi. Ukweli ni kwamba tofauti ya kasi mara nyingi ni ndogo, na katika miti laini cheni ya kawaida inaweza hata kutangulia. Faida yake kubwa iko kwenye uso wa ubao na kwenye unyoofu. Ubao wenye mikwaruzo ya milimita mbili kila upande utapigwa randa hadi mikwaruzo iishe, na milimita nne hizo zinatoka katika mti uleule. Kwa hiyo ulaini wa uso nao ni akiba ya mbao.

Cheni tano, kazi moja

Mafundi wanaopasua mbao wana njia tano kuu za kupanga cheni, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni cheni ya dukani kama ilivyo, yenye jino la kona kali na mshazari wa nyuzi 30. Hukata upesi katika mti mbichi, laini na safi. Kona hiyo kali ndiyo inayotangulia kuuma, na ndiyo inayotangulia kufa. Chembe chache za mchanga zinatosha. Kwa misitu yetu mikavu, hii ndiyo cheni mbaya kuliko zote za kupasulia, na ndiyo iliyoenea kuliko zote.

Ya pili ni cheni yenye jino la kona ya mviringo, iliyonolewa kwa nyuzi 10. Hupoteza kidogo kasi ya mwanzo, lakini hudumu na makali muda mrefu zaidi katika mti mgumu, mkavu au wenye vumbi. Uzuri wake kwa mtu wa Liwale au Kilwa ni kwamba haihitaji kuagizwa kutoka nje. Fundi ananunua cheni ya kawaida ya kona ya mviringo, kisha kila anapoinoa anaipunguza mshazari hatua kwa hatua: 30, halafu 25, halafu 20, hadi ifike 10. Gharama yake ni tupa na subira.

Ya tatu ni cheni ya meno machache, ambayo kati ya jino na jino kuna nafasi kubwa kuliko kawaida. Inafaa bapa refu na gogo nene, kwa sababu vumbi lina mahali pa kukaa hadi litoke, na injini haibebi meno mengi kwa mara moja. Meno yake machache humaanisha kunoa kwa muda mfupi. Udhaifu wake ni uso wa ubao wenye mikwaruzo zaidi.

Ya nne ni ile ambayo baadhi ya meno yamepunguzwa upana yawe ya kuchanja mistari miwili kandoni, na mengine yameachwa mapana ili yafagie katikati. Kazi ikigawanywa hivyo, injini hupumua. Lakini kuinoa kunataka mtu anayejua jino lipi lina kazi gani, na kosa moja la tupa huharibu mpangilio wote. Msituni, mbali na karakana, ni cheni ya fundi aliyebobea.

Ya tano ni cheni nyembamba ya umbo dogo, ile iliyotupatia mbao 11. Inahitaji nguvu ndogo ya injini, hula mbao chache na huacha uso mzuri. Mipaka yake ni ya kweli: pingili zake ni ndogo, huvutika na kukatika mapema ikilazimishwa, na haifai bapa refu sana wala gogo la mkongo lenye upana wa mita. Kwa magogo ya wastani, ambayo ndiyo mengi katika misitu ya miombo, inatosha.

Kuna pia cheni zenye ncha za kabaidi, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zinahimili mchanga na miti yenye silika. Ila tupa haiziwezi. Zinahitaji jiwe la almasi, na ncha ikimeguka hakuna dawa yake porini.

Nikilazimika kuchagua kwa vijiji vya Kilwa, nitachagua ya pili ikiwa juu ya fremu, na ya tano pale gogo linaporuhusu. Fremu isikosekane kwa vyovyote. Cheni bora kabisa mikononi mwa mtu anayefuata mstari kwa jicho itatoa ubao mnene upande huu na mwembamba upande ule.

Miti yenyewe ina maneno yake

Ushauri wa jumla wa watengenezaji wa cheni umeandikwa zaidi kwa misonobari na mialoni ya nchi za baridi. Miti ya Lindi ina tabia zake.

Mninga ni mwungwana kuliko jirani zake. Uzito wake ni wa wastani, haujikunji sana ukikauka, na cheni ya nyuzi 10 hupita vizuri. Vumbi lake huwasha pua na koo, na fundi asiyefunga kitambaa hulipia usiku.

Mkongo, ambao sehemu nyingine za pwani huitwa mbambakofi, ni mgumu zaidi na huchosha meno upesi. Mpangapanga ni mzito, wenye mistari ya rangi nyeusi na kahawia inayopendwa na maseremala, na msekeseke ni mgumu kuupita. Kwa miti hii, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino, kinachopima kina cha kuuma, kisipunguzwe kupita kiasi. Katika cheni ya 3/8 kipimo cha kawaida ni karibu milimita 0.65 chini ya ncha ya jino. Fundi anayekishusha zaidi akitafuta kasi hupata kinyume chake: jino huuma kupita uwezo, cheni hurukaruka, injini huzima katikati ya gogo.

Mvule una hatari iliyofichika. Ndani ya mti wake kuna mara nyingine mawe halisi ya chokaa, yaliyojengeka kwenye majeraha ya zamani. Hakuna jicho litakaloyaona kutoka nje. Cheni ikigonga jiwe, meno kadhaa yanapoteza kona kwa sekunde moja, na kuanzia hapo kinachotakiwa ni kusimama na kunoa upya yote, pamoja na yale yaliyosalimika, ili yalingane.

Mnazi nao, ambao shina lake hupasuliwa pale mti unapozeeka au kufa kwa ugonjwa, unahitaji akili nyingine. Sehemu ngumu iko nje na laini iko katikati, kinyume na miti mingi, na chembe za silika humaliza makali ya chuma cha kawaida haraka. Huko Zamboanga nchini Ufilipino, ambako mbao za mnazi zimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1970, ncha ngumu za kabaidi zilionekana kuwa ndizo za kudumu. Kwa chensoo yenye cheni ya kawaida, mnazi upasuliwe ungali mbichi, na fundi ategemee kunoa mara nyingi.

Mpingo, wenye jina kubwa kuliko yote, nauweka kando kwa makusudi. Mbao zake zina uzito wa kuzama majini, na zinazofaa kutengenezea klarineti na zumari za magharibi ni sehemu ndogo ya mti, mara nyingi chini ya asilimia 10. Chensoo iangushe mpingo na kuukata vipande, iishie hapo. Kuupasua kwa cheni inayokula milimita 10 ni kuitupa mali hiyo palepale inapopatikana. Vipande viende kwenye misumeno myembamba ya karakana, ncha zikiwa zimepakwa nta ili zisipasuke kwa kukauka.

Mchanga, mchwa na tupa

Kinachoua cheni katika misitu ya Kilwa mara nyingi si mti. Gogo lililoburutwa kwenye udongo wa kichanga huja na mchanga katika kila mfinyo wa gome. Gogo lililolala wiki kadhaa huja na mchwa, na mchwa hujenga vijia vyao vya udongo chini ya gome na ndani ya nyufa. Jino linapopita humo linasaga udongo mgumu. Dawa yake ni panga. Menya gome mahali pote cheni itakapoingilia, fagia, ndipo uwashe mashine. Kazi ya nusu saa ya kumenya huokoa cheni nzima.

Mpangilio mzuri wa mstari nao una ufundi wake wa kienyeji. Wapasuaji wengi huvunja betri kavu zilizokwisha moto, wakachanganya unga wake mweusi na maji, wakaloweka uzi. Uzi hufungwa kwenye ncha mbili za gogo, ukavutwa wima kwa vidole viwili na kuachiwa. Hupiga mstari mweusi mwembamba ulionyooka kuliko penseli yoyote. Kwa mkato wa kwanza, ambao ndio fremu itautegemea katika mikato yote inayofuata, mstari huo unataka uangalifu wote. Ukikosea wa kwanza, mbao zote zitafuata kosa.

Kisha ni kunoa. Cheni ya kupasulia hufanya kazi nzito kuliko ya kuangushia, na haistahili kusubiri hadi ife. Mikwaruzo michache ya tupa kwa kila jino baada ya kila ubao mmoja au mbao mbili za gogo gumu ni utaratibu wa kawaida wa mafundi makini. Dalili iko chini ya miguu. Cheni yenye makali hutema chembechembe zinazoonekana. Ikianza kutema vumbi laini kama unga wa muhogo, makali yameshakwenda. Anayeendelea kusukuma hapo anachoma petroli, anaunguza bapa na kulegeza cheni kwa joto.

Tupa iwe ya kipimo cha cheni: milimita 4 kwa cheni nyembamba ya umbo dogo, milimita 5.2 au 5.5 kwa ile kubwa ya 3/8 kufuatana na mtengenezaji, na 5.5 kwa .404. Meno ya kulia na ya kushoto yawe na urefu mmoja. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha mbao nyingi zilizopinda zinazouzwa kandokando ya barabara ya Lindi. Fundi wa mkono wa kulia hunoa upande mmoja kwa nguvu na upande wa pili kwa kuparaza. Meno ya upande mmoja yanabaki marefu, na cheni huvutwa huko katika kila mkato. Mtu hulaumu bapa, hulaumu mti, wakati kosa liko kwenye tupa.

Mafuta ya cheni ni suala jingine ambalo tumelizoea vibaya. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina vipande vidogo vya chuma vinavyosugua bapa, huacha madoa kwenye ubao wa mninga na hubaki kwenye udongo wa msitu. Oili safi ina bei, lakini bapa jipya lina bei kubwa zaidi. Na kazi ikiisha, cheni iliyokazwa ikiwa moto ilegezwe kabla haijapoa, maana hujikaza yenyewe na kuibana shafti ya injini.

Injini nayo isiwe ndogo. Kupasua ni kubana mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo, jambo ambalo msumeno wa kukatia matawi haukuundiwa. Kwa magogo mapana, mafundi wengi hutaka injini ya cc 90 au zaidi. Stihl 070 ya cc 106 imekuwa farasi wa kazi hii kwa miongo mingi Afrika na Asia kwa sababu hiyo. Kwa cheni nyembamba na magogo ya wastani, cc 70 inaweza kutosha.

Chensoo ibaki wapi

Hesabu ya mbao 13 inasema wazi kwamba mashine ya msumeno wa utepe, ile ya kuhamishika, ndiyo inayouheshimu mti zaidi. Mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 2018, ulizipa nafasi mashine za kuhamishika katika kazi zake na vijiji, Lindi ikiwemo. Zile za duara zinazoitwa dingdong, zilizozoeleka katika mashamba ya misonobari ya Sao Hill, zina kasi, lakini mkato wake ni mpana na kwa miti ghali ya asili hazifai kuwa chaguo la kwanza.

Hata hivyo mashine ya utepe inataka barabara, eneo tambarare, vipuri, fundi wa kunoa misumeno yake na magogo ya kutosha kukusanywa pamoja. Katika msitu wa miombo mti mmoja wa kuvunwa unaweza kuwa mbali sana na mwenzake, na mvua za masika hufunga njia. Hapo chensoo juu ya fremu itaendelea kuhitajika kwa miaka mingi. Na kuna kazi ambayo hakuna mashine ya utepe itakayoifanya vizuri: mataruma ya majahazi. Mafundi wa vyombo wa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hutafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa umbo la ubavu wa chombo, wakalichonga kwa shoka na tezo. Msumeno wa kushika mkononi unaweza kuufuata mpindo huo. Mashine ya mstari ulionyooka haiwezi.

Nani alipwe kwa ajili ya vumbi

Sababu ya upotevu huu kuendelea iko katika namna tunavyolipana. Kijiji hulipwa kwa mita za ujazo za gogo. Mpasuaji mara nyingi hulipwa kwa ubao aliotoa, kwa hiyo anataka kasi. Mfanyabiashara hubeba mbao na kugawa hasara katika bei anayokubali kukilipa kijiji. Hakuna mkono hata mmoja katika mnyororo huu unaopokea fedha kwa sababu vumbi lilikuwa kidogo. Na kijiji, kinachodhani hasara ya kupasua ni ya mnunuzi, ndicho kinachoibeba mwishowe, maana mnunuzi anayepata mbao 9 hawezi kulipa bei ya mbao 13.

Hili linarekebishika bila sheria mpya. Kamati ya maliasili ya kijiji inayosaini mkataba wa mauzo inaweza kuandika humo kwamba upasuaji wote utafanywa kwa fremu au mashine, na kwa cheni ya kupasulia. Inaweza kumtaka mnunuzi apime magogo yaliyoingia na mbao zilizotoka, na kuweka namba hizo katika daftari moja, mti kwa mti. Baada ya msimu mmoja kijiji kitajua mnunuzi yupi anapasua vizuri, na kitakuwa na sababu ya kumpa bei nafuu au nafasi ya kwanza mwaka unaofuata. Mpasuaji naye alipwe nyongeza kwa kila gogo lililotoa zaidi ya kiwango kilichokubaliwa. Mtu huangalia tupa yake kwa makini zaidi pale makali yanapomwongezea kipato.

Mafunzo yapo karibu kuliko tunavyodhani. Chuo cha viwanda vya misitu cha Moshi, FITI, kimefundisha kwa miaka mingi uendeshaji wa misumeno na unoaji wake. Vijana wachache kutoka kila kijiji chenye msitu wa hifadhi wangeweza kupelekwa huko kwa sehemu ya mapato ya miti, wakarudi wakiwa wanoaji wa kijiji wanaokodiwa na kila mnunuzi anayeingia msituni. Fedha hiyo ingerudi mara nyingi, kwa njia ya mbao.

Tumekubaliana kwamba msitu wa kijiji ni mali ya kijiji. Hatua inayofuata ni kukubaliana kwamba kila milimita ya mkato ni mali ya kijiji pia, na kuipima, kuiandika na kuilipia hivyo.